Taa ya Injini Inayorudi: Dalili Si Maradhi

Gari la dizeli lenye umri wa miaka kumi na mitano linapanda mlima Kitonga, katika barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa. Katikati ya mlima nguvu zinapungua ghafla, na taa ya manjano yenye umbo la injini inawaka mbele ya dereva. Huko gereji fundi anaunganisha chombo cha kusomea hitilafu, anafuta kumbukumbu, na taa inazimika. Kwa siku kadhaa gari linatembea mjini bila kasoro. Linaporudi mlimani, taa inawaka tena. Kihisi cha kanieneo, ambacho mafundi hukiita sensa, kinabadilishwa kwa gharama kubwa. Taa inarudi vilevile. Hatimaye mwenye gari anaamua kwamba taa yenyewe ndiyo mbovu, na anaiziba kwa karatasi.

Mkasa wa namna hii huyapata magari mengi ya dizeli yaliyotumika kwa muda mrefu. Kiini chake ni kutoelewa ujumbe wa taa. Taa haisemi ni kifaa gani kimeharibika. Husema tu kwamba kipimo fulani hakikulingana na kile kilichotarajiwa.

Injini na hewa yake

Injini ya dizeli haiwashi mafuta kwa cheche. Hewa peke yake huingia katika silinda, na pistoni huishindilia mpaka ibaki katika nafasi ndogo sana. Joto la hewa hiyo hupanda kupita nyuzi 500 za sentigredi, na mafuta yanayonyunyizwa humo huwaka yenyewe. Ndiyo kanuni ya Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, ambaye injini yake ilifanyiwa majaribio yaliyofaulu mjini Augsburg mwaka 1897.

Kiasi cha mafuta kinachoweza kuungua vizuri hutegemea kiasi cha hewa iliyomo. Injini ya lita 3 yenye mapigo manne huvuta lita 1.5 za hewa kwa kila mzunguko. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huvuta lita 3,000. Ili hewa nyingi zaidi iingie katika nafasi ileile, hutumika tabo. Hiki ni chombo chenye gurudumu linalozungushwa na moshi utokao katika injini, pengine zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nalo huzungusha gurudumu la pili linalosukuma hewa ndani. Katika magari mengi, vibawa vidogo hubana au hupanua njia ya moshi ili kurekebisha msukumo huo. Vibawa hivyo husogezwa na kifimbo kinachovutwa kwa nguvu ya ombwe kupitia mipira myembamba, au, katika magari mengine, kwa mota ya umeme.

Ulinganisho wa kompyuta

Kompyuta ya gari hukadiria kanieneo ya hewa inayotakiwa kulingana na mwendo na mzigo, kisha huilinganisha na ile iliyopimwa na kihisi. Kwa mfano, ikiwa zinatakiwa kilopaskali 200, na kihisi kikaendelea kuonyesha 140, kompyuta huandika hitilafu, huwasha taa, na mara nyingi hupunguza mafuta ili kuilinda injini. Katika mfumo wa OBD-II, ambao ulikuwa wa lazima kwa magari mapya madogo huko Marekani kuanzia mwaka 1996, upungufu huo huandikwa P0299.

Namba hiyo haimtaji mkosaji. Mpira wa hewa uliopasuka, chujio lililoziba, mpira wa ombwe uliokauka, vibawa vilivyogandishwa na masizi, au kihisi kibovu, kila kimoja chaweza kuleta upungufu uleule. Ni kama homa: joto la mwili hupimwa kwa kipimajoto, lakini kipimajoto hakisemi kama ni malaria au kidonda kilichooza.

Kwa nini basi taa huzimika na kurudi? Gari likitembea polepole mjini, kanieneo inayotakiwa ni ndogo, na ufa katika mpira hubaki umejifunga. Mlimani kanieneo hupanda, ufa hufunuka, hewa huvuja. Fundi anayelichunguza gari likiwa limesimama hawezi kuyaona mambo hayo. Tena, katika mfumo wa OBD-II, taa huweza kuzimika yenyewe baada ya safari tatu mfululizo ambazo kipimo kimekuwa sawa. Kwa hiyo kuzimika kwa taa si ushahidi wa kupona, na kufuta kumbukumbu ni kufuta ushahidi.

Kupima kabla ya kubadilisha

Kwanza, namba ya hitilafu iandikwe kabla ya kufutwa, pamoja na mwendo, mzigo na joto la injini vilivyohifadhiwa na kompyuta wakati taa ilipowaka.

Pili, swichi ifunguliwe bila kuwasha injini, na kipimo cha kihisi kisomwe. Hapo chapaswa kuonyesha kanieneo ya hewa ya mahali hapo: karibu kilopaskali 101 Dar es Salaam, na karibu 84 Iringa, kwa sababu ya mwinuko. Kihisi kinachosoma hivyo hakistahili kuwa mshitakiwa wa kwanza.

Tatu, injini ikiwa imezimwa na kupoa, chujio na mipira mikubwa vikaguliwe. Utando wa mafuta na masizi kwa nje huonyesha mahali pa uvujaji. Hewa ya kanieneo ndogo ikijazwa humo, maji ya sabuni hutoa mapovu penye ufa, kama afanyavyo fundi baiskeli.

Nne, kifimbo cha vibawa kijaribiwe kwa pampu ya mkono ya ombwe. Kikikwama, yamkini ni masizi. Mshale wa pampu ukirudi wenyewe, kuna uvujaji.

Baada ya matengenezo, gari lijaribiwe katika mlima uleule, mtu wa pili akisoma vipimo wakati dereva anaangalia barabara.

Tahadhari mbili ni za lazima. Uvujaji katika mabomba ya mafuta ya dizeli usitafutwe kamwe kwa mkono, kwani mafuta hayo yaweza kupenya ngozi na kuleta jeraha baya. Pia, taa nyekundu ya oili ni jambo jingine kabisa: ikiwaka, injini izimwe mara gari linapoweza kusimama kwa usalama.

Mara nyingi mkosaji huwa ni kipande cha mpira cha bei ndogo, baada ya fedha nyingi kupotea kwa spea zisizohitajika. Kati ya mwenye kubahatisha na mwenye kupima, huyu wa pili ndiye afanyaye kazi ya sayansi, hata kama mikono yake imejaa grisi.