Ziwa ni Moja, Ulinzi Nao Uwe Mmoja

Wako wananchi wengi wa Ngumbo ambao hutia ndoo ziwani alfajiri, na maji hayo ndiyo wanayokunywa na kupikia. Wenzao wa visiwani nao wamezungukwa na maji yayo hayo. Kwa hiyo, lolote linaloingia Ziwa Nyasa, hata likiingilia ufuko wa mbali, linatuhusu.

Kaskazini-magharibi ya ziwa, katika Wilaya ya Karonga nchini Malawi, uko mgodi wa urani wa Kayelekera. Ulianza uzalishaji mwaka 2009, ukasimamishwa mwaka 2014 baada ya bei ya urani kuanguka, na mwaka 2025 ukaanza tena. Maji ya eneo hilo hushukia Mto Sere, kisha Rukuru ya Kaskazini, na mwisho wake ni ziwani.

Hatusemi kwamba ziwa limekwisha kuchafuka, wala hatumlaumu jirani kwa kutumia mali ya ardhi yake. Sisi wenyewe Mkoani Ruvuma tunayo urani ya Mto Mkuju, Namtumbo. Tunalosema ni kwamba madini hayo si kama makaa ya mawe ya Ngaka tuliyoyazoea. Urani ikisha kutolewa, sehemu kubwa ya mionzi hubaki katika matope ya mgodi, na rediamu iliyomo huchukua miaka 1,600 kupungua nusu tu. Kampuni huja na kuondoka. Matope hubaki, na masika huyakuta pale pale kila mwaka. Tena ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Shire, kusini kabisa. Kitakachoingia hakitatoka upesi.

Sheria ya mwaka 2003 iliikabidhi Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania jukumu la kusimamia usalama wa mionzi. Tunaiomba ipime maji, mchanga na samaki wa mwambao wetu kwa ratiba inayojulikana, na matokeo yasomwe katika mikutano ya vijiji, yawe mema au mabaya.

Aidha, serikali zetu mbili ziafikiane mapema: bwawa la matope likipasuka usiku, nani atampasha habari nani, na mvuvi aliye majini ataipata lini? Mazungumzo ya mpaka wa ziwa yamechukua miaka mingi. Hili la usalama lisiyasubiri.