Binamu wa Kitunguu na Binamu wa Uwele

Mvua za kwanza zikishalowesha ardhi siku kadhaa mfululizo, chini ya miti ya vichaka vya Afrika Mashariki huchomoza kitu ambacho mpita njia akikikosa wiki hiyo, atakisubiri mwaka mzima. Shina nene hupenya udongo mahali ambapo jana hapakuwa na hata jani moja. Kichwani limebeba kifundo kilichojifunga kama ngumi. Siku chache baadaye ngumi hiyo hufunguka na kuwa tufe jekundu lenye upana wa sentimita 15 hadi 25, lililoundwa na vijiua vidogo vinavyoweza kufika 200. Kila kijiua hutoa nje nyuzi sita nyembamba zenye chavua ya manjano kwenye ncha, na kwa mbali tufe zima huonekana kama kaa la moto lililosahauliwa majanini.

Jina lake la kitaalamu ni Scadoxus multiflorus. Ua hili humea tangu Senegali hadi Somalia, kushuka hadi Afrika Kusini, na hupatikana pia katika Rasi ya Arabuni. Watanzania, Wakenya, Waganda na Wakongo wengi wamewahi kulikuta porini au pembeni mwa kichuguu bila kujua kwamba Ulaya ua hilohilo huuzwa madukani, likiwa kwenye chungu cha kuwekwa dirishani. Makala hii italiita ua-tufe.

Mshindani wake bustanini ni nyasi. Si nyasi za kufyekwa na kulishwa ng'ombe, bali zile za mapambo ambazo siku hizi hupandwa kando ya njia za magari, mbele ya hoteli na kwenye nyua za nyumba mpya: shungi la majani membamba yanayoinama kila upande, na juu yake masuke laini yanayocheza na upepo kama mikia ya paka. Aina inayopendwa zaidi ina majani ya rangi ya zambarau iliyokolea. Asili yake ni Cenchrus setaceus, nyasi za miteremko mikavu ya Afrika ya kaskazini na mashariki hadi Arabuni.

Swali la mwenye bustani ndogo huwa rahisi kuuliza: nafasi ni moja, apande lipi?

Kwanza afahamu kwamba mimea yote miwili si migeni kama inavyodhaniwa. Ua-tufe limo katika ukoo mmoja na kitunguu maji na kitunguu saumu, na mtu akilichimba ataona undugu huo mara moja, kwa maana chini kuna tunguu nono lililojaa akiba. Nazo nyasi za mapambo zina ndugu wanaojulikana zaidi: uwele wa kusagia unga na matete ya kulishia mifugo yote yamo katika jenasi moja nazo. Undugu huo wa uwele umewahi kutumiwa makusudi. Mwaka 2003 aina ya uwele yenye majani ya zambarau, iliyopewa jina Purple Majesty, ilipata nishani ya dhahabu ya mimea ya bustani nchini Marekani. Nafaka ya Dodoma na Singida ilitunukiwa kama ua.

Tofauti kubwa iko katika namna kila mmoja anavyokabili kiangazi, na humo ndimo uamuzi wote wa mkulima wa maua unamotoka.

Ua-tufe hukimbia. Wakati wa mvua majani yake mapana hutengeneza chakula na kukishusha kwenye tunguu. Mvua zikiisha, majani hugeuka manjano, hunyauka, na mmea wote hutoweka juu ya ardhi. Chini, ua la mwaka ujao hujiumba ndani ya tunguu kimyakimya likisubiri unyevu. Ndiyo maana hutoka ghafla namna ile, maana lilikuwa tayari. Kwenye maeneo yenye msimu mmoja wa mvua, kama Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mwenye ua-tufe huanza kuchungulia ardhi ifikapo Novemba.

Nyasi hazikimbii. Hubaki wima kwenye jua kali kwa sababu hutumia njia ileile inayotumiwa na mahindi na mtama ya kunasa hewa ya kaboni kwa ufanisi mkubwa, hivyo vitundu vya majani havihitaji kuachwa wazi muda mrefu na maji mengi hayapotei. Mizizi yake ni mingi, myembamba na imesukana, inashika udongo vizuri hata kwenye mteremko. Mwenye ukingo unaomong'onyoka kila masika atapata msaada wa kweli hapo, msaada ambao ua-tufe haliwezi kumpa.

Kwa hiyo anayetaka bustani ionekane vizuri Januari hadi Desemba atapanda nyasi. Ua-tufe humpa mwenyewe wiki moja au mbili za fahari, kisha miezi ya majani ya kijani, kisha ardhi tupu. Hata hivyo wiki hizo mbili hazina mfano. Vipepeo hulijia, chozi nao hawakosi, na majirani husimama kwenye ua kuuliza. Nyasi, kwa uzuri wake wote, huzoeleka. Ua linalokuja mara moja kwa mwaka halizoeleki, na watoto wa nyumba hiyo hujifunza kuhesabu mvua kwa kulingoja.

Watoto hao lakini waonywe. Undugu na kitunguu umeishia kwenye umbo. Tunguu la ua-tufe lina sumu, ikiwemo ile iitwayo likorini, na katika sehemu mbalimbali za Afrika limetumika tangu zamani kutengenezea sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Lisihifadhiwe jikoni hata kwa siku moja, mbuzi wasiachwe karibu nalo, na anayeligawa avae glavu kwa kuwa utomvu wake huweza kuwasha ngozi.

Nyasi hazina sumu, lakini zina hatari ya aina nyingine, na hii inastahili kuelezwa kwa kirefu kuliko wauzaji wa miche wanavyoieleza. Nyasi za asili, zile za kijani zenye masuke ya waridi hafifu, hutoa mbegu nyingi nyepesi zinazopeperushwa na upepo, na mbegu hizo huweza kukaa udongoni miaka kadhaa zikiwa bado hai. Zilipelekwa Hawaii mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa pambo. Zikatoroka bustanini, zikaenea kwenye mawe ya volkano na kuingia misitu mikavu ya visiwa hivyo. Zikikauka hushika moto haraka. Moto ukipita, nyasi huchipua tena kutoka shinani, ilhali miti ya kienyeji isiyozoea moto hufa. Kila moto huwaachia nyasi eneo kubwa zaidi. Visiwa vya Kanari navyo vimevamiwa, Afrika Kusini imeziorodhesha miongoni mwa mimea vamizi, na mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliziingiza katika orodha ya viumbe vamizi ambavyo biashara yake hairuhusiwi.

Aina ya zambarau ni salama zaidi. Wataalamu wengi sasa wanaihesabu kuwa chotara, na kwa kawaida haitoi mbegu zinazoota. Huzalishwa kwa kugawa mashungi. Ulaya ya kaskazini hufa kwa baridi na wapenda bustani huinunua upya kila mwaka. Arusha au Nairobi huishi miaka. Mnunuzi akiwa na chaguo, achague hiyo, hasa kama kiwanja chake kinapakana na hifadhi, mto au shamba la mtu.

Jina la nyasi hizi lina historia yake. Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, alisafiri na msafara wa Wadani kwenda Misri na Arabuni, akafariki Yemen mwaka 1763 kwa malaria. Mwenzake Carsten Niebuhr, aliyerejea peke yake akiwa hai, ndiye aliyechapisha kazi za marehemu mwaka 1775, na humo ndimo nyasi hizi zilimopewa jina la kisayansi kwa mara ya kwanza.

Matunzo ya yote mawili hayamchoshi mtu. Nyasi zinataka jua la kutwa, nafasi ya kama sentimita 60 hadi 90 kati ya shungi na shungi, na mbolea kidogo tu, maana samadi ikizidi majani hurefuka na kulala chini. Mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua, zikatwe zibaki kimo cha shibiri moja, zitachipua zikiwa safi. Ua-tufe linataka kivuli chepesi, chini ya mwembe au mparachichi kwa mfano, na udongo usiotuamisha maji. Shingo ya tunguu iwe usawa wa ardhi. Lisihamishwe hamishwe. Wakati limelala lisimwagiliwe, vinginevyo litaoza. Likichanua na kutoa majani, yakaguliwe asubuhi: kuna kiwavi mweusi mwenye pete za njano hafifu anayependa ukoo huu, na akiachwa hushuka kutoka kwenye jani hadi ndani ya tunguu.

Na kwa kuwa moja linapenda jua na jingine kivuli, hata kiwanja kidogo huweza kubeba yote mawili: nyasi kwenye ukingo ulio wazi, ua-tufe nyuma yake chini ya mti. Jambo la kukumbuka ni kijiti. Majani ya ua-tufe yakianza kunyauka, mwenye bustani achomeke kijiti au azungushe mawe mahali tunguu lilipo, kwani anayekuja kulima Agosti ataona udongo mtupu tu na atalikata kwa jembe bila kujua.