VIGARI VYA RELI YA MEZANI: KIPIMO KWANZA

Wahenga walisema: haba na haba hujaza kibaba. Aghalabu methali hii husifiwa kwa ajili ya haba, na kibaba husahauliwa. Nacho kibaba ni kipimo. Mtu anayekusanya vigari vidogo vya madini ili avipange kando ya reli ya mezani hana budi kushika yote mawili: akusanye kidogo kidogo, na apime kabla ya kununua.

Vigari hivyo na garimoshi la mezani ni ndugu tangu kuzaliwa. Kampuni ya Meccano ya Liverpool, Uingereza, iliyoasisiwa na Frank Hornby, ilitoa vigari vyake mwishoni mwa mwaka 1933 ili viandamane na magarimoshi yake ya kuchezea. Mwaka 1934 vikapewa jina la Dinky Toys. Viliundwa kwa madini yaliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1979, lakini ufundi wake ulikwisha kuenea duniani.

Mwaka 1953 kampuni nyingine ya Kiingereza, Lesney, ilianza kuuza vigari vya Matchbox, kila kimoja ndani ya kijisanduku mfano wa kiberiti. Hapo ndipo wakusanyaji wengi hupotea. Ili vyote vienee katika visanduku hivyo, basi la abiria lilipunguzwa zaidi kuliko gari dogo. Viwekwe sambamba, na basi litaonekana kama limedumaa. Kwa mtoto anayecheza sakafuni hiyo si aibu. Kwenye reli ya mezani ni kasoro inayoharibu mandhari yote.

Hesabu yenyewe

Askari aliyefunzwa kusoma ramani ya 1:50,000 hahitaji maelezo mengi. Reli za mezani nazo zina vipimo vyake. Kinachotumika zaidi duniani ni 1:87. Waingereza wamezoea 1:76. Na vigari vingi vya kisasa vya madukani hukaribia 1:64. Chukua Peugeot 404, gari lililojulikana sana katika barabara za Uganda, lenye urefu wa mita 4.42. Katika 1:87 litakuwa na milimita 51, katika 1:76 milimita 58, na katika 1:64 milimita 69. Tofauti hiyo ya milimita 18 yatosha kumfanya dereva aonekane jitu mbele ya msimamizi wa stesheni.

Anayetaka kuunda stesheni ya Kampala anakabiliwa na jambo la pili. Reli iliyofika Kampala mwaka 1931 ina upana wa mita 1, ilhali magarimoshi mengi ya mezani huigiza reli ya milimita 1,435. Mita 1 katika 1:87 ni milimita 11.5, ndiyo maana kuna reli za mezani za milimita 12 zilizokusudiwa njia za namna hiyo. Basi mpangaji na achague reli kwanza, kisha vigari vifuate. Akinunua vigari kwanza, atalazimika kuvibadili vyote au kuishi na uongo mezani pake.

Ni vyema pia kuchagua mwaka mmoja. Meza inayoonyesha Kampala ya mwaka 1965 yaweza kuwa na Peugeot 404, Land Rover na Volkswagen. Toyota Hiace haina nafasi, kwa kuwa ilitolewa mwaka 1967. Wazee waliofanya kazi katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lililovunjika mwaka 1977, waulizwe wakingali hai: lori lilisimama wapi, mzigo ulipakiwa upande gani. Majibu yao hayauzwi katika duka lolote.

Tahadhari za nyumbani

Rangi ya vigari vya kale yaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Vigari hivyo viwekwe juu, mbali na watoto wadogo, na rangi yake isikwanguliwe ndani ya nyumba. Magurudumu madogo nayo yaweza kumsakama mtoto kooni.

Aidha, vigari vilivyotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili vina maradhi yake. Zinki iliyochafuliwa kwa risasi hupasuka na kumong'onyoka, na unyevu huharakisha uharibifu huo. Hakuna dawa ya kuyaponya. Mnunuzi na akague nyufa kabla ya kutoa fedha, kisha akiweke kigari mahali pakavu.

Pale ambapo duka halina kitu, mikono inacho. Watoto wa Kampala wamezoea kuunda magari kwa waya, makopo na vifuniko vya chupa. Mtoto huyo akipewa rula na kuambiwa kuwa sentimita 1 mezani ni sentimita 87 barabarani, ataunda lori ambalo hakuna kiwanda kilichopata kulitoa, na hesabu ya kugawanya haitamtoka tena kichwani.

Kwa familia ya askari ihamishwayo mara kwa mara, mkusanyo mdogo wenye kipimo kimoja una faida nyingine: vigari 20 hufungwa kwa karatasi ndani ya boksi moja, na kila kimoja hukuta nafasi yake pindi meza itandazwapo katika nyumba mpya. Vigari 200 visivyolingana ni mzigo tu.