Jua la 1660 mezani

Kipande cha chemshabongo chenye jua hakimsumbui mtu. Rangi yake ya dhahabu inaonekana hata kikiwa chini ya rundo, na anayekipata hukiweka katikati ya meza bila kujiuliza mara mbili. Lakini mchoro wenye jua hilo ulipochapishwa Amsterdam mwaka 1660, mahali pa jua palikuwa pakibishaniwa. Kitabu cha Copernicus cha 1543, kilicholiweka jua katikati ya ulimwengu, kilikuwa bado kwenye orodha ya vitabu vilivyozuiwa na Kanisa Katoliki, na Galileo alikuwa amefariki miaka 18 tu kabla, akiwa kifungoni nyumbani kwake kwa kutetea fikra hiyohiyo.

Mchoro wenyewe unatoka katika Harmonia Macrocosmica, atlasi ya anga iliyotungwa na Andreas Cellarius, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa mkuu wa shule ya Kilatini katika mji wa Hoorn, Uholanzi. Ina michoro 29, na siku hizi kadhaa kati yake huuzwa kama chemshabongo za vipande, mara nyingi vipande 1,000 kwenye boksi moja. Naona hakuna namna bora ya kuitazama. Ikitundikwa ukutani, jicho huipitia haraka, likaridhika na uzuri wake na kuondoka. Ikiwa vipande vipande, kila sehemu inadai kuchunguzwa.

Chukua ule mchoro wa mfumo wa Copernicus. Ukianza kuunganisha utakuta dunia nne zikilizunguka jua, na kwa muda utadhani umechanganya vipande. Ni dunia moja, imechorwa mahali inapokuwa katika majira manne ya mwaka, kila mara upande mmoja una mwanga na wa pili una giza. Baadaye unafika kwenye sayari ya Mshtarii na kuona vijiduara vinne vimeizingira. Hiyo ni miezi aliyoigundua Galileo mwaka 1610. Mtu aliyeukagua mchoro huo kwa dakika moja angeipita bila kuiona. Aliyehangaika robo saa kutafuta kipande chake hawezi kuisahau.

Ukanda wa buruji ndio mkombozi wa mwunganishaji. Umepinda vizuri, una wanyama na herufi za Kilatini, na ukishaukamilisha una mahali pa kupachikia vingine. Kazi ngumu iko pembeni, kwenye mawingu. Vitoto vya malaika hukaa juu, wanazuoni na ala zao chini, na katikati yao kuna buluu na kijivu kisichoisha. Hapo inabidi kuacha picha na kufuata umbo la kipande.

Rangi nazo zina habari yake. Bamba la shaba lilichapa mistari myeusi peke yake, kisha mafundi wakapaka rangi kwa brashi, nakala baada ya nakala. Ndiyo maana maboksi mawili ya mchoro uleule yanaweza kuwa na anga ya rangi tofauti: kila moja limefuata nakala yake.

Ninachokiheshimu zaidi katika atlasi hii ni kwamba haikumficha msomaji ubishi wa wakati wake. Ndani ya jalada moja kuna ulimwengu wa Ptolemy, dunia ikiwa katikati. Kuna wa Copernicus, na jua katikati. Na kuna wa Tycho Brahe, ambamo sayari huzunguka jua, nalo jua likizunguka dunia. Mifumo yote imechorwa kwa uzuri uleule, kwa mkono usiomdharau yeyote. Mtu anayeunganisha Ptolemy baada ya Copernicus huona kwa vidole vyake jinsi mpangilio ule wa kale ulivyoshikamana, na kwa nini watu wenye akili waliuamini kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Isitoshe, mchezo wenyewe ulizaliwa kwenye ramani. Katika miaka ya 1760, John Spilsbury, mchonga ramani wa London, alibandika ramani juu ya ubao na kuzikata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa kuzijenga upya. Ramani za anga kukatwa vivyo hivyo ni mwendelezo wa kazi yake.

Kwa anayeanza, ningemshauri achukue Copernicus kwanza, kwa sababu duara zake zinaongoza mkono. Mwenye subira atafute ile michoro miwili inayofuata kazi ya Julius Schiller, aliyejaribu mwaka 1627 kuiondoa miungu ya Wagiriki angani na kuweka watu wa Biblia. Humo alama za buruji zimegeuzwa kuwa mitume kumi na wawili, Petro akiwa mahali pa Kondoo, na ile merikebu ya Argo imekuwa safina ya Nuhu. Michoro hiyo imesongamana viumbe na mistari, na haimalizwi kwa wikiendi moja.