Namba 7 mara tatu: namna ya kupima safari ya mchezaji kwenda Marekani

Wiki iliyopita mdogo wangu, mchezaji wa basket, alinionyesha ujumbe kwenye simu. Mtu anayejiita wakala anamwambia: tuma dola za dosye, Marekani wanakungoja. Akaniuliza, "Yaya, nitume ama niache?" Sikumjibu hapohapo. Tulichukua daftari tukaanza kupiga hesabu pamoja.

Hapa Goma swali hilo si la kuchekwa. Jonathan Kuminga alizaliwa hapahapa mwaka 2002. Mwaka 2021 Golden State Warriors walimchagua namba 7, na mwaka 2022 akawa bingwa wa NBA akiwa na miaka 19. Kabla yake Bismack Biyombo wa Lubumbashi alichaguliwa namba 7 mwaka 2011, na Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa, namba 7 mwaka 2015. Namba ni moja, lakini njia ni tatu. Njo zinatufundisha kupima.

Kwanza: umecheza mbele ya nani, na dhidi ya nani? Biyombo alitoka nyumbani akapitia Yemen, kisha Hispania. Aprili 2011, kule Portland, aliingia katika timu ya vijana wa dunia dhidi ya vijana wa Marekani. Alifunga alama 12, akadaka ribaundi 11 na kuzuia mashuti 10. Mechi moja ilibadilisha bei yake, kwa sababu wapinzani walikuwa wa kweli. Alama 40 pale kartiye haziwezi kumwambia mtu wa Marekani kitu.

Pili: nani anashika mkataba wako? Biyombo alikuwa bado na mkataba na Fuenlabrada, na ugomvi wa fidia ukafuata. Sheria za NBA zinaweka kikomo cha pesa ambazo timu inaweza kuchangia kumkomboa mchezaji; kinachobaki anakilipa mwenyewe. Saini unayoweka leo bila kusoma inaweza kula mshahara wako wa kesho.

Tatu: utalipwa ama utasoma? Mudiay alikuwa amekubali kwenda chuo kikuu cha SMU. Mwaka 2014 akageuka, akaenda Guangdong, China, kwa dola milioni 1.2. Aliumia kifundo cha mguu, akacheza mechi 12 tu. Kuminga naye aliacha vyuo mwaka 2020, akaingia Ignite, timu iliyoundwa na NBA yenyewe kwa ajili ya vijana. Katika mechi 13 alipata wastani wa alama 15.8. Lakini mashuti yake ya mbali, moja tu kati ya manne ndiyo yaliingia. Wapimaji waliona yote mawili: mwili uko tayari, shuti bado. Walimlipia kile atakachokuwa kesho.

Sasa angalieni: Ignite ilifungwa mwaka 2024. Njia ya Kuminga haiko tena. Ukinakili barabara ya jana utafika mahali ambapo daraja limevunjika.

Njia za leo ni zipi? Kuna akademia ya NBA kule Saly, Senegali. Kuna ligi ya Afrika, BAL, iliyoanza Kigali mwaka 2021, jirani yetu kabisa. Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, alipitia hizo zote mbili, akaenda chuo kikuu cha Duke, na mwaka 2025 akachaguliwa namba 10. Wanaochaguliwa kila mwaka hawazidi 60, dunia nzima.

Basi nilimwambia mdogo wangu hivi: anayekutaka kweli ataomba video, umri wako na bulletin za shule. Anayeanza na pesa, ni pesa anazozitaka. Na Exetat umalize. Simwambii hivyo kwa kumfariji: chuo cha Marekani hakimpokei mchezaji bila karatasi za sekondari, hata akiwa na urefu wa mita mbili na nusu.

Hakufurahi. Lakini dola hakutuma, na jana jioni nilimkuta na daftari la hesabu, mpira uko chini ya kiti.

Ninyi mliosoma mbele yetu, mngemjibu nini?