JE, WAJUA? Setilaiti huuzwa, dhamana haiuzwi

Setilaiti inaweza kuuzwa ikiwa angani. Lakini nchi iliyoirusha haivuliwi mzigo. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unaibana nchi iliyorusha, iliyoagiza irushwe, hata iliyotoa uwanja wa kurushia. Ikianguka na kuharibu mali duniani, fidia hulipwa bila kuuliza nani alizembea.

Januari 1978, Kosmos 954 ya Umoja wa Kisovieti iliangukia kaskazini mwa Kanada, ikiwa na mtambo wa nyuklia tumboni. Vipande vyenye mionzi vilitapakaa kwenye theluji. Kanada ilidai takriban dola milioni 6 za nchi hiyo. Mwaka 1981 ilikubali milioni 3.

Taifa-1 ya Kenya ilirushwa kutoka California Aprili 2023. Dhamana yake ni ya Kenya na Marekani pia.

Hata kustaafu kuna sheria. Setilaiti ya kampuni ya Dish ilitakiwa kupandishwa kilomita 300 juu ya njia yake. Mafuta yakapungua, ikafika 122 tu. Faini: dola 150,000, ya kwanza Marekani kwa kosa la taka za angani. Mnunuzi, kabla ya kutia sahihi, uliza mafuta yaliyobaki.