Kwenda Uingereza kwa Kazi ya Ujuzi

Wananchi wenye taaluma wanaokusudia kufanya kazi Uingereza yafaa wafahamu kuwa, kwa utaratibu ulioanza Disemba 2020, ruhusa ya kuingia haitolewi kwa shahada peke yake. Sharti kwanza apatikane mwajiri mwenye leseni ya serikali ya huko, naye ndiye atoaye hati ya udhamini. Hati hiyo haiuzwi. Tangu tarehe 31 Disemba 2024 mwajiri haruhusiwi hata kumtwisha mfanyakazi ada yake. Anayetakiwa kuilipia ana kila sababu ya kuingiwa na shaka. Nafasi za kulea wazee, zilizokuwa zikitangazwa mno, zilifungwa kwa waombaji walio nje ya nchi hiyo tarehe 22 Julai 2025.

Muuguzi hutakiwa pia kufaulu mtihani wa kompyuta, kisha wa vitendo unaofanyika hukohuko Uingereza, ndipo asajiliwe.

Mtumishi asiharakie kuacha kazi. Ruhusa hufungamana na mwajiri aliyedhamini: ajira ikikoma, kwa kawaida mgeni hupewa siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka, hata kama nauli aliipata kwa kuuza shamba.